Kompyuta mpya, tabu zilezile: mwongozo kamili wa kuhamisha Firefox na Chrome bila kuacha kitu nyuma

Niliingia kwa shangazi na kompyuta mkononi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, alafu kabla sijakaa akaniambia "nakwambia mapema, tabu zangu zikipotea na wewe usirudi hapa." Nikacheka nikijua utani. Nikafunua mashine yake ya zamani nikakuta Firefox ina madirisha matatu, tabu 147, kuna mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma, kuna video za kufundishia kemia, kuna bei za vigae, kuna fomu kaijaza nusu kaiacha toka sijui lini. Yeye mambo ya bukumaki, yaani kuhifadhi anuani za kurasa, hana habari nayo, tabu ndio daftari lake. Na nyie wengi mnaosoma hapa mko hivyohivyo, msijifiche.

Tabu ninazosema ni zile za juu ya brauza, programu ya kufungulia tovuti kama Firefox au Chrome. Chrome ukiiweka Kiswahili inaziita vichupo, mimi nikisikia vichupo naona chupa tu, kwahiyo nabaki na tabu, na jina lenyewe linafaa kabisa ukishaona za shangazi.

Wengi wamejikuta kwenye hili zoezi tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine ya zamani haikubali Windows 11, mtu anaenda Kariakoo anachukua used nzuri, anafika nyumbani anafungua brauza, nyeupe. Hapo ndio anaanza kuuliza. Mimi nakuomba uulize kabla, wakati ile ya zamani bado inawaka, maana kazi karibu yote ya huu mwongozo inafanyika kwenye mashine ya ZAMANI, ile mpya ni ya kupokea tu.

Jambo moja tulimalize hapahapa. Ile menyu ya "Import" unayoiona kwenye brauza mpya, inayosema leta bukumaki na pasiwedi kutoka Chrome au Edge, hiyo inachukua kutoka brauza nyingine iliyopo ndani ya kompyuta HIYOHIYO. Haiwezi kunyoosha mkono mpaka kwenye mashine yako ya zamani iliyoko juu ya kabati. Nimeona watu wamebonyeza hapo mara tano wanashangaa haileti kitu. Ila kama unatoka Chrome unakwenda Firefox ina kazi yake, nitaigusa huko chini.

Njia ziko mbili, na hazileti vitu vilevile

Ya kwanza ni kulogini na akaunti ili vitu visawazishwe kupitia mtandao, Firefox ana Mozilla account, Chrome ana akaunti ya Google, Edge ana ya Microsoft. Ni rahisi, haihitaji fleshi, bukumaki na pasiwedi na historia vinakuja vyenyewe. Ya pili ni kukopi folda yote ya brauza kwa mkono wako, unaibeba kama mtu anavyohama na kabati lake bila kutoa nguo.

Tofauti inaonekana kwenye tabu. Usawazishaji haukufungulii tabu zako kwenye mashine mpya. Unakupa orodha tu, "kwenye kifaa fulani kulikuwa na tabu hizi", alafu wewe ndio ubonyeze. Na kwa Firefox orodha hiyo ni anuani tupu. Ukikopi folda ya Firefox kila tabu inakuja na njia yake ya kurudi nyuma, yaani ukibonyeza mshale wa nyuma inakurudisha ukurasa uliokuwepo kabla, tabu ulizobandika pembeni zinabaki zimebandikwa, madirisha matatu yanabaki matatu. Kwa mtu mwenye tabu nane tumia akaunti usisumbuke. Kwa shangazi, folda.

Mimi nafanya zote mbili, folda kwanza alafu akaunti baadae. Ukianza na akaunti alafu ukapesti folda juu yake, umefuta ulichosubiri dakika ishirini kishuke.

FIREFOX: hatua kwa hatua

Firefox ndio nyepesi kuhama nayo kwa sababu kila kitu chako kiko kwenye folda moja inaitwa profaili na haijafungwa kwenye mashine. Ukijua ilipo umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza, angalia toleo. Kwenye zote mbili nenda menyu ya mistari mitatu, "Help", alafu "About Firefox". Ile mpya iwe na namba sawa au kubwa kuliko ya zamani. Hili usiliruke. Kuanzia Firefox 67 ya mwaka 2019 profaili iliyotumiwa na toleo jipya inakataa kufunguka kwenye toleo la nyuma, inakuletea ujumbe kwamba umefungua Firefox ya zamani na kukutaka utengeneze profaili mpya. Kompyuta mpya ya shangazi ilikuja na Firefox aliyoiweka muuzaji siku nyingi, nikapesti kila kitu, ikagoma, nikasikia jasho la mgongo. Dawa ilikuwa kuipa apdeti ile mpya tu. Lakini bora ufanye mwanzo kuliko kutafuta bando saa tatu usiku na mtu amekusimamia kichwani.

Hatua ya pili, kwenye ya zamani, kabla ya kufunga, nenda "Settings", "General", pale juu kabisa weka tiki kwenye "Open previous windows and tabs". Hii inakwenda pamoja na folda, kwahiyo ile mpya ikiwaka itafungua tabu bila kuuliza. Ukisahau sio mwisho wa dunia, menyu ya "History" ina "Restore previous session".

Hatua ya tatu, andika about:support pale juu kwenye anuani, bonyeza enter. Inakuja meza ndefu. Tafuta mstari wa "Profile Folder", pembeni yake kuna kitufe cha kufungua folda. Bonyeza. Dirisha la faili linafunguka na hapo ndio ndani ya tumbo la Firefox yako. Jina la folda ni herufi za ajabuajabu zinazoishia na .default-release kwa kawaida. Iko C:\Users\jina lako\AppData\Roaming\Mozilla\Firefox\Profiles.

Angalia hilo neno Roaming vizuri. Ndani ya AppData kuna folda nyingine inaitwa Local, nayo ina Mozilla, ina Firefox, ina Profiles, na ndani ina folda yenye jina LILELILE. Hiyo ya Local ni takataka za muda tu, picha na kurasa alizoziweka ili zifunguke haraka. Ukikopi hiyo ukaacha ya Roaming umebeba maganda ukaacha ndizi. Ndio maana nakwambia ingia kwa about:support, usitembee kwa miguu kuitafuta, zaidi ya hapo AppData imefichwa, wengi hata hawaioni.

Hatua ya nne ni kufunga Firefox, na hapa ndipo watu wanapoteza tabu. Usifunge kwa ile X ya pembeni dirisha moja moja. Ukiwa na madirisha matatu ukafunga X, X, X, Firefox anaweza kuhesabu kwamba mawili ya kwanza umeyafunga kwa hiari yako, kinachohifadhiwa kama "kikao cha mwisho" kikawa lile la mwisho kufungwa tu. Nenda menyu ya mistari mitatu, chini kabisa "Exit", au Ctrl+Shift+Q. Yanafungwa yote kwa pamoja na yanakumbukwa yote. Kama umeshafanya kosa la X, fungua tena, menyu ya "History", "Recently closed windows", yarudishe, alafu toka kistaarabu.

Subiri nusu dakika, rudi kwenye lile dirisha la folda uliloliacha wazi. Angalia kama kuna faili inaitwa sessionstore.jsonlz4. Hiyo ndio tabu zako zote, faili moja tu tena ndogo. Firefox ikiwa wazi faili hii haipo, inajitokeza pale inapofungwa vizuri. Ukiiona, pumua. Usipoiona, Firefox bado haijafunga huko nyuma, bonyeza Ctrl+Shift+Esc uangalie kwenye Task Manager kama jina lake bado lipo.

Kwakuwa uko hapo, ona na jirani zake, maana kuna siku utahitaji kimoja tu sio vyote. places.sqlite ni bukumaki na historia. logins.json na key4.db ni pasiwedi, na hivi viwili ni kufuli na ufunguo, ukibeba kimoja bila mwenzake hujabeba kitu. cookies.sqlite ndio inayofanya usiombwe kulogini upya kila mahali. prefs.js ni mipangilio. Folda ya extensions ni nyongeza zako zile za kuzuia matangazo na kadhalika. formhistory.sqlite ni yale maneno yanayojijaza kwenye fomu. persdict.dat ni maneno uliyoifundisha kamusi, na kwa sisi tunaoandika Kiswahili kwenye brauza inayotupigia mstari mwekundu kila neno, hiyo faili ina jasho la miaka.

Hatua ya tano, kopi. Rudi nyuma hatua moja ili uione folda nzima, bonyeza kulia uizipu kwanza, yaani uifungashe iwe faili moja. Usiburute hivihivi kwenye fleshi, ndani kuna maelfu ya vifaili vidogovidogo na fleshi za bei rahisi zinalia kwenye hivyo, ya shangazi ilikuwa inaonyesha dakika arobaini, nilipoizipu kwanza ikaingia kwa dakika tano. Kama imekuwa kubwa kupita kiasi kawaida ni folda ya storage iliyoko mle ndani, tovuti kama WhatsApp Web zinaweka vitu vyao humo.

Sasa sikiliza. Hiyo zipu ina pasiwedi zako zote, na kama hujaweka "Primary Password", ile pasiwedi kuu inayofunga zingine zote, kwenye Firefox basi mtu yeyote akiipata anaifungua kwake anasoma pasiwedi kama anasoma gazeti. Ni funguo za nyumba. Usiirushe kwenye grupu la WhatsApp "ili niidownload kule", usitumie fleshi ya stesheneri. Tumia fleshi yako, na ukimaliza ufute.

Hatua ya sita, kwenye kompyuta mpya. Weka Firefox, ifungue mara moja tu ili itengeneze profaili yake tupu, about:support, fungua folda, toka kwa "Exit". Futa kila kitu kilichomo NDANI ya ile folda, folda yenyewe iache na jina lake. Fungua zipu yako, ingia ndani ya folda ya zamani, chagua vyote kwa Ctrl+A, kopi, pesti ndani ya folda mpya. Kosa la kawaida hapa ni kupesti folda ndani ya folda, yaani ukifungua profaili mpya unakuta folda nyingine yenye jina la zamani badala ya kukuta prefs.js na places.sqlite. Firefox haitafuti kwenye vyumba vya ndani, itakufungulia nyeupe kama kawaida.

Fungua Firefox. Tabu 147 zikajipanga, shangazi akasogea na miwani, akasema "na ile ya vigae?" Ilikuwepo.

Kwa wenye wasiwasi na bando: Firefox ikirudisha tabu haizipakui zote kwa mpigo, inapakua ile unayoiangalia na zile ulizobandika tu, zingine zinasubiri ubonyeze. Kwahiyo tabu mia hazitakumalizia bando siku hiyo.

Kitu kimoja kinachoweza kuchekesha baadae, kama jina lako la Windows kwenye mashine mpya ni tofauti, ile sehemu ya kuhifadhi unachodownload inaweza kuwa bado inaelekeza kwenye jina la zamani. Nenda "Settings" ukachague upya folda ya downloads.

Wa Mac njia ni ileile ila folda iko kwenye Library, Application Support, Firefox, Profiles. Wa Linux kwa kawaida ni .mozilla/firefox ndani ya home, na wa Ubuntu wenye Firefox ya snap ni snap/firefox/common/.mozilla/firefox. Na ndio, unaweza kutoka Windows ukaenda Linux na profaili ileile.

Tabu zikigoma kutokea

Usifungue na kufunga Firefox mara tatu nne kujaribu bahati, kila ukifungua na kufunga inaandika juu ya kumbukumbu ya nyuma. Funga, ingia kwenye profaili, tafuta folda inaitwa sessionstore-backups. Ikopi pembeni kwanza, nzima. Ndani utakuta previous.jsonlz4 ambayo ni kikao cha kabla ya hiki, recovery.jsonlz4 na recovery.baklz4 ambazo ni za kikao kinachoendelea, Firefox ikiwa wazi anaziandika kila baada ya sekunde 15 hivi, na pengine kuna moja inaanza na upgrade yenye namba ndefu za tarehe, hiyo ni ya siku brauza ilipopata apdeti.

Panga kwa ukubwa. Kama tabu zako ni nyingi, faili yenye tabu ni kubwa kuliko ile tupu, hilo jicho linatosha kukwambia ipi ni ipi. Chukua hiyo, ikopi iende nje kwenye profaili yenyewe, ibadilishe jina iwe sessionstore.jsonlz4, kama ipo nyingine yenye jina hilo iondoe kwanza, alafu fungua Firefox. Ikigoma, nenda na inayofuata.

CHROME: hapa kuna ubishi kidogo

Chrome hataki kubebwa. Profaili yake ipo, andika chrome://version uone mstari wa "Profile Path", kwa kawaida ni AppData\Local\Google\Chrome\User Data\Default. Lakini pasiwedi na kuki (zile cookies zinazokumbuka kwamba umelogini) mle ndani zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile, ukikopi kwenda kwingine zinakuja kama makopo yasiyofunguka, na toka Chrome 127 ya mwaka 2024 kuki wamezibana zaidi. Hata baadhi ya mipangilio kama ukurasa wa mwanzo na nyongeza ina muhuri wa mashine, Chrome akiona muhuri haulingani anairudisha ya kiwandani. Wamefanya hivyo kuzuia wezi, siwalaumu, ila kwa mtu anayehama kihalali inachosha.

Kwahiyo kwa Chrome akaunti ndio njia kuu. Kwenye ya zamani fungua chrome://settings/syncSetup, hakikisha umelogini na kwenye orodha ya vitu vya kusawazisha tabu nazo zimo, maana kuna watu wamezizima. Iache mtandaoni dakika chache. Kwenye mpya logini na akaunti ileile, anaweza kukuomba uthibitishe kwenye simu, kwahiyo simu iwe na chaji na laini yako iwe hewani. Alafu Ctrl+H, "Tabs from other devices", au moja kwa moja chrome://history/syncedTabs. Utaona jina la kompyuta yako ya zamani na tabu chini yake, kuna vidoti vitatu vya kuzifungua zote.

Mimi hiyo peke yake siiamini. Kabla ya yote hayo nafanya mkanda wa usalama: kwenye kila dirisha la Chrome nabonyeza Ctrl+Shift+D, inakopi tabu zote za dirisha hilo kuwa bukumaki ndani ya folda moja, naipa jina kama "hamisha dirisha 1", dirisha la pili vilevile. Madirisha matatu ni mara tatu, haiokoti yote kwa mpigo. Alafu Ctrl+Shift+O, vidoti vitatu, "Export bookmarks", inatoa faili moja ya HTML. Hiyo faili ni dhahabu, inaingia Chrome, Firefox, Edge, Brave, popote, na hata ukiibonyeza mara mbili inafunguka kama ukurasa wenye linki zako zote. Haina pasiwedi kwahiyo unaweza kujitumia kwa imeili bila presha. Kwenye mpya, Ctrl+Shift+O tena, "Import bookmarks", bonyeza kulia kwenye folda, "Open all".

Ila hapo kwenye "Open all" tofauti na Firefox zinafunguka kweli, zote, zinapakua. Kama ziko sabini na uko kwenye bando la simu, fungua kumi kumi.

Tabu za siri, zile za incognito, haziji zenyewe, si kwa akaunti wala kwa folda. Kama kuna kitu humo unakitaka kiandike mahali sasa hivi.

Nyongeza za Chrome zinakuja na akaunti lakini mipangilio ya ndani ya kila nyongeza sio lazima ije, nyingi zina kitufe chao cha kutoa bakapu kwenye faili, kitafute. Na kama ulikuwa na uBlock Origin, nyongeza ya kuzuia matangazo, kwenye Chrome ya zamani usishangae kutoiona upya, Google waliondoa mfumo uliokuwa unaiendesha, iliyobaki kwa Chrome ni uBlock Origin Lite. Ile kamili bado iko Firefox.

Edge ni binamu yake Chrome, karibu yote niliyosema yanafanya kazi, edge://version badala ya chrome://version, na bukumaki yeye anaziita favorites.

Pasiwedi

Kama unatumia akaunti zinakuja. Kama hutaki akaunti, Chrome andika chrome://password-manager/settings, kuna sehemu ya kudownload faili, atakuomba pini ya Windows. Firefox andika about:logins, vidoti vitatu, "Export passwords". Zote zinatoa faili ya CSV, na hiyo CSV ifungue uone mwenyewe kwanini naipigia kelele: tovuti, jina, pasiwedi, mstari kwa mstari, haijafichwa hata herufi moja. Ya benki iko hapo chini ya ya Facebook. Ingiza kwenye brauza mpya dakika hiyohiyo, futa, alafu mwaga na Recycle Bin. Kama ilipita kwenye fleshi basi fleshi hiyo usimwazime mtu tena, faili iliyofutwa kwenye fleshi inaweza kurudishwa na programu ya bure.

Hapa ndio ile "Import" ya mwanzo ina kazi. Unataka kuhama kutoka Chrome kwenda Firefox kabisa? Kwenye mashine ya ZAMANI weka Firefox, mwambie aingize kutoka Chrome, atachukua bukumaki na historia kwasababu yuko nyumba moja naye, alafu beba profaili ya Firefox kama nilivyoeleza juu. Pasiwedi zikigoma kuingia, ndio utumie ile CSV ya hapo juu.

Kwa Firefox Sync, yaani usawazishaji wa akaunti ya Mozilla, kuna mtego mmoja. Data zako kule zimefungwa kwa ufunguo unaotokana na pasiwedi ya akaunti, hata Mozilla wenyewe hawawezi kusoma. Ukisahau pasiwedi ukaibadilisha bila kuwa na ule ufunguo wa kurejesha akaunti, vilivyoko kwenye seva vinafutwa. Kwahiyo usiwe mtu wa "nimeshasawazisha, format tu", alafu pasiwedi ya Mozilla yenyewe ulikuwa umeihifadhi kwenye Firefox hiyohiyo uliyoiformat. Nacheka ila mimi ndio niliyefanya hivyo.

Kama mashine ya zamani imeshakufa

Kioo kimepasuka au haiwaki haina maana diski imekufa. Fundi anaitoa diski anaiweka kwenye kasha lenye waya wa USB, unachomeka kwenye mpya kama fleshi. Mwambie kabisa kwa mdomo "usiiformat". Kuna fundi wa mtaani niliwahi kumpelekea mashine abadilishe feni tu, akanirudishia na Windows mpya safi kama zawadi, nikashukuru nikakaa kimya nikaenda kulia nyumbani.

Ingia kwenye diski hiyo, Users, jina lako, washa kuonyesha vilivyofichwa, AppData, Roaming, na kuendelea. Windows itasema huna ruhusa, bonyeza "Continue". Ikiomba namba ndefu ya tarakimu 48 hiyo ni BitLocker, kufuli la diski la Windows, itafute kwenye akaunti ya Microsoft uliyokuwa unatumia kwenye mashine ile. Bila hiyo namba diski haifunguki.

Kwa Firefox hutaikuta sessionstore.jsonlz4 kwa nje kama mashine ilizimika ghafla, usiogope, zile recovery za ndani ya sessionstore-backups zipo na mara nyingi Firefox akiwaka kwenye mashine mpya anazichukua mwenyewe. Kwa Chrome pasiwedi kwa njia hii sahau, lakini bukumaki ziko kwenye faili inaitwa Bookmarks, haina hata mkia wa .kitu, ipo pale kwenye Default. Ikopi, iweke kwenye Default ya mashine mpya Chrome ikiwa imefungwa. Iko na Bookmarks.bak kama ya kwanza imeharibika.

Kabla hujamuuzia mtu ile ya zamani

Kaa nayo wiki. Tumia mpya kama kawaida, kila ukikosa kitu rudi uchukue. Na katika hiyo wiki usifanye usafi wa bukumaki kwenye mpya wakati zote mbili zimelogini, ukifuta huku na kule kunafutika, akaunti ni kioo sio ghala.

Wiki ikiisha, logauti kwenye brauza za ile ya zamani, alafu kwenye akaunti ya Google sehemu ya usalama kuna orodha ya vifaa, itoe. Kwa Windows yenyewe nenda "Reset this PC", "Remove everything", na kwenye mipangilio ya ziada washa "Clean data" ili visirudishike, inachukua masaa kwahiyo iache kwenye umeme usiku. Zipu ya kwenye fleshi ifute. Shangazi ya kwake hakuuza, alimpa mtoto wa jirani anayeanza form one, na nilipomuuliza kama nimeshaisafisha vizuri akanijibu "wewe ndio fundi, unaniuliza mimi?" ikabidi nirudi kesho yake niianze upya toka "Remove everything".